Uliza Pande Zote Mbili: Chanjo, Hatari Yake na Gharama Yake

Haya ni maneno niliyosema Jumapili kwa mkutano wa wazazi pale ukumbi wa kanisa, Umoja, hapa Nairobi. Mvua ilizuia wengi na kuna wale walikuwa kazini, wakaniomba niandike, kwa hivyo nimeandika yote vile nilivyosema.

Wazazi wenzangu hamjambo? Mchungaji, asante kwa ukumbi. Sista wenzangu wa kliniki, asanteni kuja siku yenu ya kupumzika. Vijana mliosimama huko nyuma, viti viko huku mbele, njooni mkae, hii maneno ni yenu pia, kesho keshokutwa mtakuwa baba za watu.

Mimi ni nesi na kazi yangu ni chanjo, hapa hapa Eastlands. Watoto niliowadunga wengine saa hii ni makondakta, nikipanda gari wananiita sista na kunipa kiti. Leo sikuja kugombana na mtu. Nimekuja kuongea na yule mzazi anayeniambia, "Sista, mimi sikatai, mimi nangoja tu nione." Yule ndiye namtafuta leo. Yule ambaye kitabu chake cha kliniki kimejaa mihuri, Mungu akubariki. Lakini wewe unayengoja, nikuulize, unangoja nini? Na wakati unangoja, ugonjwa nao unangoja?

Kupima faida na hatari ni haki yako. Mtoto ni wako, na nesi akikugombeza kwa sababu umeuliza swali, huyo nesi amekosea. Uliza. Lakini mama mboga hawezi kukupimia nyanya na mizani ya upande mmoja, na ndivyo watu wengi wanapima chanjo. Wanauliza chanjo ina hatari gani, swali nzuri sana, halafu wanaenda nyumbani bila kuuliza mtoto akikaa bila chanjo ana hatari gani. Uliza pande zote mbili. Hiyo tu ndio imenileta hapa.

Sasa tuanze na hatari ya chanjo yenyewe na sitaficha kitu. Je, chanjo inaweza kumsumbua mtoto? Ndio. Mtoto akidungwa paja linaweza kuvimba, anaweza kushikwa na homa usiku huo, analia, hataki kunyonya vizuri, kesho yake anakuwa sawa. Ile ya kifua kikuu ya kuzaliwa inatoa kidonda kidogo mkononi wiki chache baadaye na kinaacha alama, wengi wenu mko nayo hapo kwa mkono wa kushoto, hebu jishikeni muone. Hiyo ni kawaida, usipake dawa, usikamue. Kuna mengine ni nadra. Chanjo ya surua inaweza kuleta homa inayofanya mtoto apate degedege, hiyo ni kama mtoto mmoja kwa kila 3,000, inaogopesha sana mzazi akiiona lakini inapita bila kumwachia mtoto madhara. Na kuna mzio mkali, ule wa mwili kuvimba na pumzi kukata, hiyo kwa chanjo ya surua ni kama mara moja kwa kila dozi milioni moja. Ndio maana tunawaambia mkae kwenye benchi kidogo kabla mwende nyumbani. Wengi mnadhani tunawachelewesha tu. Hapana. Tunamwangalia mtoto, na dawa ya huo mzio iko hapo karibu kwa trei.

Kuna mtu aliniuliza, mtajuaje kama chanjo mpya ina shida ambayo nyinyi wenyewe hamkuitarajia? Swali nzuri, na jibu lake ni stori ya kweli. Mwaka 1998 Marekani walianza kutumia chanjo ya rota, ule ugonjwa wa kuhara wa watoto wadogo. Ilikuwa inaitwa RotaShield. Haikumaliza mwaka mmoja, madaktari wakaanza kuripoti watoto ambao utumbo umejikunja ukaingia ndani yake wenyewe, shida ambayo wakati mwingine inahitaji upasuaji. Wakahesabu wakapata ni kama mtoto mmoja kwa kila 10,000. Mmoja kwa 10,000 mtu angesema ni kidogo, si ndio? Waliisimamisha na kampuni ikaiondoa sokoni mwaka 1999. Ile ya rota tuliyoanza kuwapa watoto hapa Kenya 2014 ni nyingine kabisa, na ilibidi ijaribiwe kwa makumi ya maelfu ya watoto kwa sababu ya yale yaliyotokea. Mnaona? Shida ilipatikana juu kuna mtu aliandika ripoti. Ni vile vile na AstraZeneca ya Covid, ile ya kwanza kuingia hapa kwetu Machi 2021. Ripoti ndizo zilionyesha kuganda kwa damu kwa watu wachache sana, na nchi nyingi za Ulaya zikabadilisha nani apewe na nani asipewe.

Kwa hivyo mtoto akipata kitu chochote usichokielewa baada ya sindano, usiende kuanzia WhatsApp. Rudi kliniki. Kuna fomu ya kuripoti madhara, inaenda hadi Bodi ya Dawa na Sumu, na nesi ana wajibu wa kuijaza. Akikwambia "ni kawaida tu mama" na moyo wako umekataa, mwambie ajaze.

Na kitu kingine mnaweza kuangalia kwa macho yenu. Ukiletwa pale kwa meza, mwambie sista akuonyeshe kichupa. Kuna alama ndogo ya duara ya zambarau, na katikati yake kisanduku cha rangi nyepesi. Chanjo ikikaa kwenye joto, hicho kisanduku kinaanza kuwa cheusi pole pole na hakirudi nyuma hata ukirudisha kichupa kwa friji. Kikifanana na duara ama kikizidi, hiyo chanjo inatupwa. Kama kisanduku bado ni chepesi kuliko duara na tarehe haijapita, iko sawa. Sista mzuri hatakasirika ukiomba kuona, atafurahi. Halafu angalia sindano inatoka kwa karatasi yake mbele yako na ikishatumika inaingia kwa lile boksi la manjano, hizo sindano zimetengenezwa zijifunge, haiwezekani kuvuta dawa mara ya pili.

Watoto wengine hawafai kupewa chanjo fulani, hiyo pia semeni kliniki mapema. Mtoto ambaye kinga yake imeshuka sana, aliye kwenye matibabu ya saratani, aliyepata mzio mkali kwa dozi iliyopita. Lakini mafua madogo? Kikohozi kidogo? Meno yanatoka? Hizo si sababu. Mama anakuja mtoto ana kamasi anasema nitarudi akipona, na hapa Nairobi mtoto gani hana kamasi mwezi wa saba?

Sasa tuguse ile maneno ngumu. Najua tuko kanisani na najua wengi wenu mnakumbuka 2014, wakati maaskofu wa Kikatoliki waliuliza maswali juu ya chanjo ya pepopunda waliyokuwa wanapewa wanawake, wakisema ina kitu cha kuzuia mimba. Wizara ya Afya ikakanusha, WHO, lile shirika la afya duniani, na UNICEF, la watoto, wakakanusha, vipimo vikabishaniwa hadi kwa magazeti. Nilikuwa kazini wakati huo na nawaambia haikuwa raha, wamama wanakuangalia kama mtu wa kuwaua. Sikasiriki na aliyeuliza. Kuuliza si dhambi. Lakini hebu uliza upande wa pili pia. Pepopunda ya mtoto mchanga umeiona? Kitovu kinakatwa na wembe mchafu, mtoto ananyonya siku mbili tatu vizuri, halafu taya zinafunga. Anataka kunyonya hawezi. Mwili unakuwa mgumu kama ubao, ukigonga mlango tu anakakamaa. Wakunga wazee wa nyumbani wanaijua. Kinga yake kubwa ni mama kudungwa kabla hajajifungua, ili apitishe kinga kwa mtoto akiwa bado tumboni. Miaka michache baada ya yale mabishano, Kenya ilithibitishwa kuwa pepopunda ya wamama na watoto wachanga si janga la nchi tena. Na wanawake niliowadunga mimi mwenyewe 2014 wamerudi kwangu na watoto, wengine wako hapa, nawaona, na huyo wa mgongoni amelala.

Na ile ya kusema chanjo ya surua inaleta usonji, yaani autism, hiyo ilitoka Uingereza 1998, daktari anaitwa Andrew Wakefield, aliandika kuhusu watoto 12. Kumi na wawili tu! Jarida lililochapisha likaifuta 2010 na yeye akanyang'anywa leseni ya udaktari. Wadenmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakatoa matokeo 2019, hawakuona uhusiano wowote. Nawaheshimu sana wazazi wa watoto wenye usonji, wana kazi kubwa na wanahitaji shule na usaidizi, hawahitaji kuambiwa ni wao walileta kwa sababu walipeleka mtoto kliniki.

Kuna la polio nalo, na hili wengi hawaambiwi. Machi 2018, hapa karibu tu, Eastleigh, walipima maji taka wakapata virusi vya polio. Na havikuwa vile vya asili, vilitokana na chanjo ya matone yenyewe. Naam, nimesema. Matone yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtoto akipewa vinatoka na choo. Kama watoto wengi wa mtaa wamechanjwa, vinakufa hapo. Kama wengi hawajachanjwa, vinapita mtoto hadi mtoto, miezi na miezi, mpaka vinabadilika na kupata nguvu ya kupoozesha. Sasa nikuulize, hapo dawa ni kuacha chanjo ama ni kuhakikisha hakuna mtoto amebaki nje? Dawa ni hiyo ya pili, na ndio maana siku hizi mtoto akifika wiki 14 kuna sindano ya polio juu ya matone, hiyo sindano haina virusi hai. Afrika ilitangazwa haina polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020. Mzee wa miaka 50 hapa anakumbuka wanafunzi wenzake wa magongo. Mtoto wa darasa la nne leo atakuonyesha nani?

Wazazi wangu mko na mimi? Hebu niwape stori ya mtu mmoja jirani yetu, Somalia. Anaitwa Ali Maow Maalin, alikuwa mpishi wa hospitali mji wa Merca. Mwaka 1977, ndui ilikuwa imebaki sehemu moja tu ya dunia, hapa kwetu pembe ya Afrika. Ndui iliua watu watatu kwa kila kumi walioshikwa. Kijana Ali alikuwa ndani ya hospitali, chanjo iko pale pale, na hakuchanjwa, aliogopa uchungu wa sindano. Siku moja mwezi wa kumi gari likaja na watoto wagonjwa, dereva anatafuta njia ya kambi ya kuwatenga, Ali akapanda kuwaelekeza. Safari fupi, ya dakika chache. Mtoto mmoja kati yao alifariki. Ali naye akashikwa. Zaidi ya watu 50,000 ikabidi wachanjwe kule ili kuzuia ugonjwa usitoke pale. Akapona, na akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1980 WHO ikatangaza imeisha. Ndio maana watoto wenu hawana ile alama ya chanjo ya ndui, hawaihitaji tena.

Lakini stori haikuishia hapo. Huyo Ali akaja kuwa mtu wa kuzunguka Somalia akiwabembeleza wazazi wachanje watoto polio, akiwaambia mimi nilikuwa wa mwisho kwa ndui, sitaki Somalia iwe ya mwisho kwa polio. Mwaka 2013 polio ikarudi Somalia, ikavuka hadi Dadaab hapa kwetu, na yeye akarudi kazini kwenye kampeni. Akashikwa na malaria akafa mwaka huo huo. Yule nangoja-nione wa leo ningependa amfikirie Ali kwa ile gari, dakika chache, na chanjo ilikuwa kazini kwake.

Hapa kwetu nako ushahidi uko, si wa kuambiwa na wazungu. Kilifi kule Pwani, watafiti wa KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, wamefuatilia watoto miaka mingi. Chanjo ya bakteria ya Hib inayoleta homa ya uti wa mgongo ilianza 2001, na huo ugonjwa ukashuka kwa asilimia 88 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ile ya nimonia ikaanza 2011, na maambukizi makali ya zile aina zilizo ndani ya chanjo yakashuka kwa asilimia 92. Kwangu hiyo namba ni vitanda. Nilianza kazi wodi ya watoto, mwezi wa baridi watoto wawili kwa kitanda kimoja, mirija ya oksijeni inagawanywa.

Na surua ndio kali zaidi kwa maisha yetu ya ploti. Mnajua vile tunaishi, vyumba kumi korido moja, choo kimoja, nguo zinaanikwa pamoja. Mtoto mwenye surua akikohoa pale koridoni akaenda, virusi vinaweza kukaa kwa hewa hadi masaa mawili. Watu kumi wasio na kinga wakipita, tisa wanashikwa. Chanjo yenyewe inatolewa miezi 9 na tena miezi 18. Kwa hivyo mtoto wa miezi minne wa jirani yako, nani anamlinda? Ni mtoto wako. Ndio maana tunataka watoto 95 kwa kila 100 wawe wamechanjwa. Na ile ya miezi 18, wazazi, ile ndio mnapotelea! Mtoto ameshatembea, mama amerudi kazini, kitabu kiko chini ya godoro. Dozi moja haitoshi. Ile ya pili ndiyo inawashika wale ambao ya kwanza haikuwashika.

Sasa gharama. Hapa nataka tukae kidogo, juu nimesikia wakubwa wakisema wazazi wa mtaa hawachanji watoto kwa ujinga na uvumi. Si kweli. Wengi hawakatai. Chanjo kwa hospitali ya serikali ni bure, ndio, lakini siku yako ni bure? Mama anayefua nguo za watu, asipoenda leo hakuna chakula leo. Analipa nauli, anakaa kwa foleni tangu asubuhi, mtoto analia, akifika mbele anaambiwa surua hatufungui leo, rudi Alhamisi. Alhamisi gani? Alhamisi nyingine ni kibarua kingine amepoteza. Na anarudi nyumbani akiwa amekasirika na ana haki.

Kwa nini anarudishwa? Wacha niwaambie siri ya friji. Kichupa cha surua kina dozi kumi. Cha kifua kikuu kina ishirini. Kikishachanganywa na maji yake, masaa sita tu kimekwisha, kinamwagwa. Sista anaona mtoto mmoja tu, anaogopa kumwaga dozi tisa na ataulizwa, anakwambia rudi. WHO wenyewe wanasema fungua hata kwa mtoto mmoja, afadhali dozi zimwagike kuliko mtoto aende bila. Na mimi nasema vivyo hivyo, dozi zilizomwagika ni za bei rahisi kuliko mtoto mmoja wodini. Lakini nesi hatafungua kama anajua stoki haitaletwa. Na mnakumbuka 2025, chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio zilikosekana nchini, wamama wanazunguka kliniki hadi kliniki na mtoto wa wiki mbili. Hiyo si kosa la mzazi, na uchungu wake bado ninao.

Tena wafadhili wanapunguza. Gavi, lile shirika la kimataifa la chanjo, wamekuwa wakitusaidia kununua chanjo na Kenya iko njiani kuachishwa, miaka hii michache ijayo tunatakiwa tujinunulie wenyewe zote. Kwa hivyo mwanasiasa akija hapa na fulana na unga, ulizeni pesa ya chanjo iko wapi kwenye bajeti. Ulizeni kila mwaka.

Na upande wa pili wa gharama? Mtoto akilazwa na nimonia, mama amekaa wodini, kazi imesimama, yule mwingine ameachwa kwa jirani, dawa nyingine unatumwa ukanunue nje. Msichana wako asipopata sindano ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, ile sindano tuliyoanza 2019 kwa wasichana wa miaka 10, hiyo saratani inaweza kuja akiwa mama wa watu, na inaua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka hapa Kenya. Mmeshachangia harambee ngapi za saratani? Siku moja ya kibarua inauma, najua inauma. Ipime na hizo.

Lakini kuna kitu tunaweza kufanya sisi wenyewe bila kungoja mtu. Kichupa ni cha watoto kumi. Hapa Umoja kila ploti ina mtoto wa miezi 9 ama wa 18. Vyama vyenu vya wamama mnavyo, mnachangiana sufuria na kodi. Basi vyama vipange watoto. Kiongozi apige simu kliniki mapema, aulize siku ya surua, aseme tunakuja kumi. Hakuna sista atawarudisha mkiwa kumi. Mama ambaye hawezi kuacha kazi amtume nyanya ama baba na kitabu. Wababa, kubeba mtoto kliniki hakuwapunguzii chochote.

Na kwa waajiri mlio hapa, mlio na wasichana wa kazi, yule mwenye mtoto mpe asubuhi moja ya kliniki na umlipe siku yake.

Sista wenzangu wamekaa kwenye ile meza ya dirishani na daftari. Wenye watoto wa miezi 9 waandikishe mkono wa kushoto, wa miezi 18 mkono wa kulia, na kama huna uhakika mtoto amekosa nini, leta kitabu tuangalie pamoja. Kama kitabu kilipotea njoo tu, tutaanza kutafuta kwa rejista ya kliniki. Wenye maswali ya faragha nitabaki hapa mpaka ukumbi ufungwe.